Kurudi

Tulitua Tallinn usiku. Mvua ilitungoja nje
kama dereva aliyeshika bango la majina yetu.
Basi la Tartu, saa mbili na nusu:
Helmi amelala begani pangu, mdomo wazi,
Oskar anahesabu kokoto za Cefalù gizani, kwa vidole.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Nyumba yetu yaijua methali.
Jumamosi ilitukaribisha: hewa ya vyumba vilivyofungwa,
mezani chupa ya matango ya chumvi
na kikaratasi cha mama mkwe:
*Ua la dirishani limekufa. Si mimi.*
Jumapili nayo ilitustahi. Tulikula mkate mweusi
tukausifu, sisi, tulioukimbia.

Jumatatu ikatupa jembe.

Jembe langu ni mashine ya kusaga miwani,
chumba cha nyuma, dukani kwa Aive.
Nilibonyeza kitufe cha kijani, maji yakashuka
meupe kama maziwa yaliyotiwa majivu,
na mikono yangu, iliyokuwa wiki mbili ikimenya machungwa,
ikaanza kazi kabla sijaiamuru.
Nilitaka isahau kidogo.
Haikusahau hata skrubu moja.

"Umeungua pua," akasema Tõnu. "Kulikuwaje?"

Nikafungua mdomo nimweleze yule mwanamke wa Palermo,
alivyoshusha kikapu kwa kamba kutoka ghorofa ya nne,
mwenye duka akatia mkate, kikapu kikapanda,
na Kaidi, ambaye mwaka mzima tumesemezana
bili na zamu za kumpeleka mtoto kuogelea,
akanishika kidole. Kimoja tu, cha mwisho.
Tukasimama hivyo hadi dirisha likameza kikapu.

"Joto," nikasema. "Kulikuwa na joto."

Saa tano akaja Bi Leida kuulizia miwani yake.
Macho hayana pazia, husema watu;
yake yanalo. La kushoto lina mtoto
asiyekua, asiyehama, asiyelipa kodi,
ndivyo alivyosema mwenyewe, akacheka, akaketi kungoja.
Nikakunja mikono ya shati ili nimalizie
na kutoka kwenye pindo ukamwagika mchanga,
kidogo, haujazi kijiko.
Punje moja ilitosha. Kioo kikalia,
mstari ukapita katikati, mwembamba, mrefu,
kama njia inayoonekana kutoka kwenye ndege.

Hapo nilikuwa karibu kuwaza jambo kubwa,
kwamba kioo nacho kilikuwa mchanga, na kadhalika.
Simu ikalia. Na hicho hakikuwa kioo, kilikuwa plastiki.
Nikanawa hadi viwikoni, nikaanza upya.
Bi Leida alingoja dakika arobaini
akinieleza habari za viazi vyake.

Jioni nilianua nguo.
Fulana nyekundu ya Oskar imerudi:
haimpiti kitovu. Nikaitazama sana.
Lugha haikukosea kuziita jina moja,
safari ya nyumbani na kitambaa kilichosinyaa.
Mama yangu pia alikuwa akitumia neno hilo
alipochukua fimbo.

Kisha kelele kibarazani.
Watoto wamefunga ndoo ya uyoga kwa mkanda wa joho langu la kuogea
na kamba ya viatu, na kamba nyingine,
wanaishusha, ghorofa ya tatu, wanapiga mayowe,
na chini yuko Kaidi, ndiyo kwanza atoke kazini,
kitambulisho cha shule bado shingoni,
siku nzima amepanga ratiba za Septemba
na kujibu wazazi kuhusu makabati.
Alisimama. Nilidhani atawakemea.
Akatoa mkate mweusi mfukoni mwa manunuzi,
akautia ndani ya ndoo, akatazama juu,
si kwa watoto.

Ndoo ikapanda ikigonga ukuta,
ikakwama kwenye kibaraza cha ghorofa ya pili,
kwa jirani asiyetusalimu tangu theluji.
Mlango wake ukafunguka. Ukatoka mkono
wenye sabuni ya vyombo,
ukaisukuma ndoo kando,
ukarudi ndani.